Mwaka wa pili fiziolojia ya moyo: nimechoka kuhesabishwa mbavu, au mimi ndiye sijaelewa?

nuru_mwaka2

Habari zenu wakubwa zangu na wenzangu. Nasoma shahada ya sayansi ya huduma za afya hapa Uingereza, mchepuo wa fiziolojia ya moyo, niko mwaka wa pili. Naandika nikiwa nimeumia kidogo, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Nyumbani nasoma ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kila usiku. Bloku za moyo (umeme unapochelewa au kukatika njiani) nazijua daraja la kwanza hadi la tatu, Mobitz ya kwanza na ya pili, zile aina mbili za daraja la pili, sizichanganyi tena, mhimili wa moyo (mwelekeo wa umeme wake) naukadiria bila kushika kalamu. Lakini hospitalini ninakofanyia mafunzo kwa vitendo, hii ni wiki ya sita, msimamizi wangu hajanipa hata karatasi moja niitafsiri mbele yake. Kila mgonjwa akishalala kitandani, swali ni lile lile: "Nionyeshe nafasi ya nne." Naweka kidole kati ya mbavu. Ananyamaza. Nahesabu upya.

Jumatano iliyopita alikuja mzee mmoja wa maandalizi ya upasuaji wa goti. Foleni ilikuwa ndefu, nikabandika elektrodi harakaharaka kwa kukadiria kwa macho. Karatasi ikatoka: V1 na V2 (elektrodi mbili za kwanza kati ya sita za kifuani) zina R, ule mchomozo wa kwenda juu, fupi mno, V2 wimbi la T limepinduka. Nikamwambia msimamizi, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba naona kovu la shambulio la zamani upande wa mbele wa moyo. Hakunijibu. Alimwomba mzee radhi, akabandua V1 na V2, akazishusha nafasi mbili, akapima tena. Kovu halikuwepo. Akaziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akaniambia kwa upole kabisa: "Hii ya kwanza ingeingia kwenye faili lake, na goti lake lingengoja miezi."

Sikulala usiku ule. Mzee mwenyewe alinishukuru wakati anaondoka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Naomba kuwauliza. Hivi ndivyo mafunzo yalivyo kwa wote, au mimi tu nimeonekana dhaifu? Mlisomaje ili mkono na kichwa viende pamoja? Na ni kweli, kama anavyosema mwenzangu mmoja darasani, kwamba ukibaki na shahada hii peke yake utaishia kubonyeza kitufe maisha yako yote?

---

karatasi_ya_waridi

Pole mdogo wangu. Mimi ni mwanafiziolojia wa moyo, mwaka wa kumi na nne kazini, na wanafunzi nimesimamia wengi. Hujaonekana dhaifu. Msimamizi asiyekujali angekuacha utafsiri unavyotaka, kisha akasahihisha jioni wewe ukiwa umeshakwenda zako. Huyu anakujenga.

Nianze na kile kilichokupata, maana kina fiziolojia nyingi ndani yake na ningependa uione. V1 na V2 zikipanda hadi nafasi ya pili, zinautazama moyo kutoka juu. Wimbi la umeme wa ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) linaondoka kuelekea chini na kushoto, yaani linazikimbia elektrodi zako. Kwa hiyo R inasinyaa, na mtu anasoma kovu. Wakati mwingine inatokea R ndogo ya pili mwishoni, mtu akasoma tatizo la tawi la kulia la umeme wa moyo. Lakini karatasi yenyewe huwa inakuonya: tazama wimbi la P, lile la atria (vyumba vya juu vya moyo). P ikiwa imezama chini yote kwenye V1, na kwenye V2 pia imezama au imegawanyika nusu juu nusu chini, shuku mkono wako kabla hujaushuku moyo wa mtu. Nenda kaitazame tena karatasi yako ya kwanza kama bado ipo. Nina hakika P ilikuwa inakuita.

Mbavu zenyewe zihesabu hivi. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, uteremke polepole juu ya mfupa wa kidari. Utakutana na tuta dogo lililolala mlazo. Usilipite. Toka nalo kulia kwa mgonjwa, umefika ubavu wa pili, na chini yake ndiyo nafasi ya pili. Sasa tembeza vidole viwili: ya tatu, ya nne. V1 hapo, pembeni kabisa mwa kidari. V2 upande wa pili, usawa ule ule. Halafu ruka V3, kaweke V4 kwanza: nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. V3 inakaa katikati ya V2 na V4, ndiyo maana haiwezi kuwekwa kabla ya V4. V5 na V6 ziende kwa mstari wa usawa na V4, moja mbele ya kwapa, nyingine katikati ya kwapa. Wanafunzi wengi huzipandisha V5 na V6 wakifuata mkunjo wa ubavu. Ubavu unapinda, mstari wako usipinde.

Kuhusu kusoma. Sisi tulikuwa wanne, na jioni maabara ikiwa tupu tulibandikana wenyewe kwa wenyewe, tukakosea kwa makusudi. Badilisha waya za mikono uone: lidi I (lidi ni mtazamo mmoja wa moyo kwenye karatasi) inageuka juu chini nzima, P, QRS (wimbi la ventrikali) na T. II na III zinabadilishana nafasi, aVR na aVL vivyo hivyo. Kisha jiulize, je, huyu siyo mtu mwenye moyo upande wa kulia? Jibu liko kwenye V: kwa mwenye moyo wa kulia, R zinazidi kupungua kadiri unavyokwenda V6. Kwa mwenzako uliyembadilishia mikono, zinakua kama kawaida. Ukilifanya hilo mara moja kwa mkono wako hutalisahau hata baada ya mtihani. Pandisha V1 na V2 nafasi moja moja, chapa kila mara, zipange karatasi mezani. Mwambie mwenzako akaze ngumi uone tetemeko la misuli linavyofanana na moyo unaotetemeka kwenye atria. Weka mashine kwenye 5 mm kwa milivolti badala ya 10 uone moyo mnene unavyojificha. Weka kasi ya 50 mm kwa sekunde badala ya 25 uone mapigo 80 yanavyohesabika 40. Tangu siku hizo, mimi kabla sijatazama wimbi lolote naanza na zile namba ndogo zilizochapwa pembeni mwa karatasi.

Jaribu na hili: chukua urefu wa R toa kina cha S (mshuko unaoifuata) kwenye lidi I, fanya hivyo kwenye III, jumlisha. Jibu litakaribia sana II. Hiyo ni kanuni ya Willem Einthoven, yule wa Leiden aliyepewa Nobel mwaka 1924. Wagonjwa wake walitia mikono miwili na mguu wa kushoto kwenye vyombo vya maji ya chumvi ndipo umeme upatikane, na herufi P, Q, R, S, T tunazoimba kila siku ni za kwake. Huwa namfikiria ninapopangusa ngozi ya mgonjwa na kuisugua kidogo kabla ya kubandika. Alihangaikia kitu kile kile, mguso mzuri kati ya mwili na waya.

Hilo swali la kitufe nawaachia wenzangu, ila mimi sijawahi kujiona mbonyezaji. Daktari wa moyo anaamua juu ya karatasi niliyompa mimi. Ikiwa karatasi ni ya uongo, elimu yake yote inamtumikia uongo.

---

pumzi_ndefu

Nuru, mimi niko upande wa mapafu na usingizi, nimemaliza miaka mitatu iliyopita. Tuliosoma nao walinicheka mwaka wa kwanza, eti kazi yetu ni kumwambia mtu apulize. Nikusimulie mtu mmoja tu.

Alikuwa fundi mstaafu, mvutaji wa zamani, amekuja kupimwa spirometri (kipimo cha kupuliza hewa ya mapafu) baada ya kupewa dawa ya kupanua njia za hewa. Alipuliza vizuri, akaacha. FEV1 (hewa ya sekunde ya kwanza) lita 2.0, FVC (hewa yote aliyoitoa) lita 2.7. Uwiano 0.74, juu ya ule mpaka wa 0.70, yaani hakuna kuziba. Mashine haikulalamika kwa sauti. Lakini mstari kwenye skrini ulikuwa bado unapanda alipokata pumzi, haujalala. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake usawa wa macho, nikamwambia: "Mzee, safari hii usiache hata ukidhani hewa imekwisha. Bado ipo. Mimi nitakuwa nawe mpaka mwisho." Nikamsimamia, "toa, toa, endelea, endelea, bado kidogo," mikono yangu ikienda naye. FEV1 ile ile 2.0. FVC 3.2. Uwiano 0.63.

Njia zake za hewa zilikuwa zimeziba, na nusu lita aliyoibakiza kifuani ndiyo iliyokuwa inatuficha ukweli. Tukarudia hadi tukapata tatu zinazokubalika, mbili kubwa zikiwa hazipishani zaidi ya mililita 150, kama kanuni inavyotaka. Inaruhusiwa hadi mara nane, lakini mtu mgonjwa akifika ya tano unamwona amechoka, kwa hiyo maelezo ya kwanza yawe mazuri. Hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Na urefu usimuulize mtu, mpime. Kinachotarajiwa kwenye mapafu kinakokotolewa kwa umri, jinsi na urefu, na watu wazima wengi wanakutajia urefu waliokuwa nao ujanani. Aliyepinda mgongo mpime mikono akiwa ameinyoosha, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mimi nilijifunza hilo kwa kukosea, kama wewe na mzee wako wa goti.

---

safari_ya_sajili

Najibu swali la mwisho tu. Mwenzako wa darasani amekosea. Ukimaliza shahada iliyo chini ya PTP (mpango wa mafunzo ya watendaji wa sayansi ya afya) unaweza kuanza kazi kama mwanafiziolojia moja kwa moja. Ukitaka kwenda mbele, England kuna STP (mpango wa mafunzo ya wanasayansi): miaka mitatu, umeajiriwa na unalipwa, huku unasoma shahada ya uzamili, na mwisho unasajiliwa HCPC (baraza linalosajili wataalamu wa afya) kama mwanasayansi wa kitabibu, jina ambalo linalindwa na sheria. Ushindani ni mkali sana, usilichukulie kuwa jambo la uhakika. Wengine hubaki kwenye moyo wakaingia kwenye eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na kupata ithibati ya British Society of Echocardiography, na huko unashika kipimo mwenyewe, unapima vali mwenyewe, ripoti unaandika mwenyewe.

Ila nikuulize na wewe: hayo matukio unayaandika? Kile kisa cha karatasi mbili kiweke kwenye jalada lako la mafunzo leo, kikiwa bado kinauma, bila jina la mgonjwa wala chochote cha kumtambulisha. Kwenye usaili wangu niliulizwa nilipokosea na nilifanya nini baada ya hapo, na nilikuwa nacho cha kusema kwa sababu nilikiandika siku ile ile.

---

nuru_mwaka2

Nimesoma majibu yenu mara tatu. Asanteni sana, kwa kweli.

Dada wa karatasi ya waridi, nilimwomba msimamizi nikaitazame ile karatasi ya kwanza. Alikuwa ameitunza, amekata sehemu ya jina. P kwenye V1 imezama yote. Kwenye V2 imezama pia. Ilikuwa pale wakati wote na mimi nikairuka kwenda kutafuta kovu.

Jana tulibaki watatu baada ya vipindi tukakosea kwa makusudi kama ulivyosema. Tulipobadilisha mikono, mwenzangu aliyekuwa amelala alipoiona lidi I yake imepinduka alishtuka kweli, akauliza kama yuko salama. Tukacheka, halafu tukanyamaza wote, maana tulimfikiria mgonjwa ambaye hakuna wa kumwambia kwamba ni waya tu.

Leo asubuhi nimepima wagonjwa tisa. Kwa wa tano msimamizi aliacha kuuliza nafasi ya nne. Kwa wa saba alinipa karatasi akasema, "Haya, nisomee." Nikaanza na namba za pembeni.

Limebaki moja. Kwa mama mwenye matiti makubwa, V4 naiweka juu ya titi au chini yake? Leo nilisita, na mama akaona kwamba nimesita.

---

karatasi_ya_waridi

Chini ya titi, V4 hadi V6, ndiyo desturi inayofuatwa. Na mwambie kabla hujamgusa: unachotaka kufanya, wapi, na kwa nini. Mwombe ainue titi mwenyewe kama anaweza. Kama hawezi, tumia nyuma ya mkono wako, siyo kiganja. Gauni linabaki limefunika kila mahali usipofanyia kazi, pazia limefungwa, na kama angependa awepo mwanamke mwingine chumbani, muulize mapema kabla hajalazimika kuomba. Ukishabandika mfunike mara moja, ndipo urudi kwenye mashine.

Ukisita tena, sema tu, "Nipe sekunde mama, natafuta mahali penyewe hasa." Wagonjwa hawaogopi mtu anayetafuta.

Karatasi ya mgonjwa wa saba ilikuwa na nini?

---

nuru_mwaka2

PR (muda kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS) ya milisekunde 240, haibadiliki, kila P ina QRS yake. Bloku ya daraja la kwanza. Nilipima visanduku mara mbili kabla sijafungua mdomo.