Redio ya marehemu baba: Pangani ilivuta Uarabuni, Sinza inakoroma tu

Mtoto_wa_Pangani:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimerithi redio ya marehemu baba, National ya betri nne kubwa. Kwetu Pangani, baada ya isha, mzee aliiweka kibarazani juu ya kinu kilichopinduliwa, akawa anapitisha mshale polepole kwenye masafa ya kati (MW). Tulipata Waarabu, Wahindi, na mara moja mahubiri ya lugha asiyoijua mtu pale. Sasa niko nayo Sinza. Mchana kimya. Usiku inakoroma kama mashine ya kusaga, mwanzo wa mshale hadi mwisho. Fundi wa mtaani kaifungua, kasema koili imekufa, anataka 35,000. Nimpe?

Bendi_49:
Usimpe kwanza.

Kimya cha mchana si ugonjwa. Jua likiwepo, kuna tabaka huko angani, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, linayanywa mawimbi ya masafa ya kati. Usiku linatoweka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa ardhini mbali kabisa. Mzee wako hakungoja isha bure.

Mkoromo ni wa umeme wa nyumba. Mimi nilipohamia Tabata nililaumu redio miezi miwili, kumbe mchawi ni taa ya LED ya koridoni na chaja ya simu ya binti yangu. Zima swichi kuu, washa redio kwa betri. Mkoromo ukitulia, umeokoa hela. Usipotulia, ni wa jirani, toka nje.

Halafu izungushe. Antena ya masafa ya kati ni kile kijiti cheusi cha ndani kilichoviringishwa waya, ule mkia wa chuma hapo hauna kazi. Ncha ya kijiti ikielekea ilipo stesheni, sauti inafifia. Hapo umepata mstari wake, ila hujui ni mbele au nyuma, karibu au mbali.

Hilo lilinitia aibu. Mwaka 2004, niko Tanga, nikanasa muziki mara wa Kiarabu, mara wa Kizungu, kisha mtangazaji: "Radio Sawa". Nikazungusha, ikafifia kuelekea kaskazini. Nikamtangazia mke wangu kwamba Mombasa wamefungua redio mpya. Wiki nzima nangoja waongee Kiswahili! Kilichoniumbua ni mchana: Mombasa ingesikika Tanga hata saa sita adhuhuri, hii ilizaliwa magharibi ikafa alfajiri. Ilikuwa redio ya Wamarekani kwa ajili ya Waarabu, mtambo ulikuwa Djibouti, kilohezi 1431, kilowati 600. "Sawa" yao ni "pamoja".

Bando_Halichachi:
Simu ipo, bando lipo, mikoromo ya nini wazee?

Bendi_49:
Na samaki wapo sokoni Feri, mbona watu bado wanatupa mishipi?

Mtoto_wa_Pangani:
Mrejesho. Saa tisa usiku nimezima swichi kuu, mkoromo ukapungua kama nusu. Uliobaki unatoka ukutani kwa jirani, nikiisogeza redio pale inapiga kelele kama imefinywa. Nikapanda juu, nikakaa karibu na tanki la maji. Katikati ya mshale nikapata mtu anasoma kwa Kiarabu, taratibu, anafifia halafu anarudi, kama anaongea huku anazunguka nyumba. Nimezungusha: anapotea ncha zikitazama kaskazini mashariki, baharini. Jina la stesheni sikulipata, lilipofika zamu yake sauti ikazama.

Swichi nikasahau kuirudisha. Asubuhi wife kakuta friji inavuja hadi mlangoni, nimenuniwa. Fundi nimemwambia aniletee skrubu zangu mbili.

Bendi_49:
Kesho anza saa kumi na moja kasoro alfajiri, saa kamili ikigonga ndipo wanapojitaja. Friji zime peke yake uwe unajua.