Mjadala: Gonjwa likizuka tena, maduka yafunge mapema au yaongezewe saa?

Wakati wa korona serikali yetu ya Kenya, kama nyingine nyingi, iliamini kwamba shughuli zikifungwa mapema watu watakutana kidogo. Napinga, na ni heri tubishane sasa kabla gonjwa jingine halijatukuta.

Tukumbuke Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu: saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kabla giza halijaingia, kivuko cha Likoni kilikuwa kimefurika watu waliotoka kazini kisiwani Mombasa wakiwahi feri ya kwenda kwao. Polisi wakawapiga na kuwarushia vitoa machozi. Ugonjwa unaambukizwa kwa pumzi, nasi tunawabana watu mahali pamoja kisha tunawakohoza! Mpaka leo jambo hili linanikera.

Madukani ilikuwa vilevile. Kafyu ya saa moja haikumaanisha duka linafungwa saa moja. Keshia naye ana kwake, na matatu ya abiria 14 ilikuwa imeamriwa kubeba 8 tu, kwa hiyo ilibidi wafanyakazi waachiliwe mapema zaidi. Wateja hawakupungua, walikuwa wale wale, ila sasa wote walikuja alasiri. Nje foleni ya kunawa na kupimwa joto, ndani watu wamesongamana kwenye rafu ya unga.

Wanaotetea saa fupi husema watu wajipange, wanunue asubuhi. Kwa pesa gani? Fundi wa mjengo hulipwa jioni baada ya kazi. Hana friji. Ananunua unga wa leo, mafuta ya kupima, na sukuma ambayo mama mboga anamkatia pale pale huku wengine wamemzunguka wakingoja zamu. Jioni ndiyo saa ya mauzo kwa mama huyo. Ukimnyang'anya saa mbili za jioni, wateja wote wanamwangukia kwa mkupuo, na atakayebaki na mboga iliyonyauka ni yeye.

Baa sizitetei. Mle watu hukaa saa nyingi, wanazungumza kwa sauti, barakoa zimeshushwa kidevuni. Zifungwe. Lakini duka la unga si baa.

Kama nia ni kupunguza msongamano, punguzeni watu waliomo kwa wakati mmoja, msipunguze saa. Rwanda, ilipolegeza masharti Mei 2020, iliruhusu masoko kufunguliwa na nusu tu ya wafanyabiashara. Hilo naliona lina mantiki, japo wanaobaki nyumbani siku hiyo wanahitaji msaada. Hata kwetu, Juni mwaka huo kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku.

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito: duka likifunguliwa saa nyingi, mhudumu naye anakaa na wateja saa nyingi. Jibu langu ni zamu mbili, na lina gharama. Aprili 2020 serikali ilishusha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14. Nafuu kama hiyo ingeweza kuelekezwa kwa duka linaloajiri zamu ya pili.

Wenye maduka, nawasikiliza nyinyi kwanza: zamu hiyo ingewezekana kwenu, au mauzo yalikuwa yameshuka mno?