Boila ya kuni ya uani, nataka ijijaze maji yenyewe

Wa_Malindi
Asalam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, tuna gesti ya vyumba sita na huu msimu wa kusi wageni wote wanataka maji moto asubuhi, umeme ukanishinda nikachomelewa boila ya kuni, lita kama 300, nachoma mvinje. Maji yake hayaogwi, yanazungushwa na pampu mpaka kwenye koili ndani ya tangi la kuogea halafu yanarudi. Juu kuna paipu ya kupumulia iko wazi. Shida kila siku mbili tatu lazima nipande ngazi nitie ndoo mbili, nikisafiri kijana anasahau. Nataka nivute mfereji moja kwa moja na floti kama ya choo ndani ya boila. Kuna ubaya?

FundiPaipu
Usitie floti ndani ya boila kaka, ile ya plastiki kwenye digrii 80 inalegea. Na mfereji wa moja kwa moja hapana kabisa, boila ya kupumua haikujengwa kubeba presha. Halafu huu mfereji wetu unakatika wajua mwenyewe, sasa boila ikauke moto unawaka, usiku maji yarudi yakute chuma chekundu... lita moja ikigeuka mvuke yataka nafasi ya lita 1,600 hivi, hiyo paipu haitoshi, itapasuka.
Weka katangi pembeni usawa mmoja na maji ya boila, floti ikae humo kwenye baridi. Chini yake vuta paipu iingie kwenye laini ya kurudi, ishuke kwanza ndio ipande ili joto lisitambae, na weka valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Juu ya boila acha nafasi ya lita 10 maana lita 300 zikipata moto zinaongezeka karibu lita 8.

Shela_kwetu
Hayo ya fundi ni sawa lakini mimi naulizia ndoo mbili, zinakwenda wapi? Maji yanayozunguka tu hayapungui hivyo, mvuke wa paipu ni kidogo sana. Mimi hapa Lamu niliweka floti nikastarehe miezi, kumbe chini kuna tundu na floti inanifichia, kila maji mapya yanaingia na hewa mpya inakula chuma, na maji yangu yalikuwa ya kisima, chokaa ikaganda ukuta wa motoni mpaka chuma kikaungua. Boila nzima ilikwenda, iliniuma sana. Sasa natia maji ya mvua ya jabia, lile birika la kukingia mvua, na kwenye laini nimeweka mita, nikiona imesogea naenda kutafuta.
Zima moto, ipoe kabisa, tia alama maji yalipofika, lala, asubuhi angalia kama yameshuka.

Wa_Malindi
Nimefanya jana usiku. Bila moto wowote imeshuka vidole viwili, nikachimbua jivu mlangoni, chini kwenye mshono ukuta uko majimaji na kutu imefanya mstari. Shela umeniokoa wallahi. Nimeshaimwaga, mchomeleaji anakuja kesho, ya floti nitarudi kuuliza fundi akimaliza.