Tupeane uzoefu: stendapu za asubuhi kwenye timu yenu zinaendaje?

Wakuu habari za leo. Mimi nipo Dar, timu yetu ina madevelopa saba, tunatengeneza mfumo wa malipo, sprinti zetu, yaani vipindi vya kazi, ni za wiki mbili na stendapu, kile kikao kifupi cha kusimama, ni kila siku saa 3 asubuhi. Kwa muda mrefu ile stendapu ilikuwa kama kuitwa majina darasani, meneja kakaa na daftari lake, kila mtu anamgeukia yeye, jana nilifanya hiki, leo nafanya hiki, sina tatizo, anayefuata.

Sasa kuna dada mmoja alikuwa mgeni kazini, alikaa siku sita na tiketi moja, yaani kazi moja aliyopangiwa. Majibu ya malipo kutoka mtandao wa simu yalikuwa hayafiki kwenye seva yetu ya majaribio, na kila asubuhi yeye anasema "naendelea nayo". Siku moja kabla ya kumwonyesha mteja nikapita nyuma ya meza yake nikamkuta analia kimyakimya, kwenye skrini kafungua kurasa kama thelathini hivi. Nikakaa. Kumbe IP, yaani anwani ya seva yetu kwenye mtandao, haikuwa imeruhusiwa kule upande wa mtandao wa simu, yaani angesoma mpaka mwaka uishe asingepata jibu, na namba ya mhusika wa kule ninayo mimi kwenye simu yangu. Tukapiga, haikufika hata saa moja ikaisha. Nakaa mita mbili toka kwake na siku zote sita nilikuwepo kwenye kikao. Iliniuma sana, mpaka leo.

Baada ya hapo tukabadilisha. Hatumzungukii mtu mmoja mmoja tena, tunasimama mbele ya bodi ambapo tiketi zimepangwa kwa safu kulingana na zilipofikia, tunaanzia kulia, kwenye tiketi iliyokaribia kuisha, swali ni moja tu, hii inazuiwa na nini na nani anaweza kusaidia leo. Dakika 15 tunatawanyika. Wenzangu nyie mnafanyaje?

———

Mimi niko Nairobi. Kwetu shida ilikuwa kila mtu ana tiketi nne tano wazi kwa wakati mmoja, kwa hivyo stendapu inaenda hadi dakika hamsini na hakuna kitu kinaisha. Tukaweka kikomo, kwenye safu ya zinazofanywa zisizidi idadi ya watu kwenye timu, ukitaka kufungua mpya lazima kwanza umsaidie mwenzako amalize yake. Wiki ya kwanza watu walilalamika sana wakisema wanakaa bure. Lakini ndio tukaona kazi zilikuwa zinalala wapi, zilikuwa zinangoja mtu azikague, siku tatu, siku nne!

———

Sisi tuko watatu tu tukaona stendapu ya nini, tukaifuta, tukawa tunaandika kwenye grupu la WhatsApp. Ikaenda poa mpaka Mei 2024 zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kubahatisha, ikabidi tukutane ofisini. Kukaa chini tukagundua wawili wetu tunaandika ripoti ileile ya mauzo, kila mtu na yake, karibu wiki nzima imepotea. Tukarudisha kikao, mara tatu kwa wiki inatutosha.

———

Mimi ni testa, yaani najaribu kazi za madevelopa kama ziko sawa, niko Mwanza. Naomba mtukumbuke na sisi. Developa anasema "imeisha" Jumatano, mimi naipata Alhamisi jioni na Ijumaa ndio mwisho wa sprinti, nikikuta bagi, yaani kosa kwenye programu, naonekana mimi ndiye nachelewesha timu. Kaeni mkubaliane imeisha maana yake nini kabla hamjaanza.

———

Mkuu uliyeanzisha, meneja wetu hataki kabisa kubadilisha, anasema skramu yenyewe, yaani huu utaratibu wa sprinti na stendapu, ndiyo inataka kila mtu ajibu yale maswali matatu, jana, leo na tatizo. Tunamwambiaje?

———

Ndugu yangu, mfungulie mwongozo wenyewe wa skramu, toleo la Novemba 2020, yale maswali matatu yaliondolewa, na kikao kimeandikwa ni cha madevelopa wapange siku yao. Ila usimfungulie kwenye stendapu mbele ya watu, atajihisi anavuliwa nguo. Sisi tulilipeleka kwenye retro, kile kikao cha kujitathmini mwisho wa sprinti, ya kwanza alinuna, ya pili tulimwomba ajaribu sprinti moja tu, asimame pembeni asikilize, na kazi yake iwe kuondoa vizuizi sisi tusivyoviweza, mteja asiyejibu barua pepe, malipo ya seva, vitu kama hivyo. Alikubali kwa shingo upande. Sprinti ilipoisha yeye mwenyewe ndiye alisema tuendelee.

Dada wa Mwanza, hilo lako na kwetu lipo, bado hatujalitatua. Hebu tuambie, kwenye kupanga sprinti huwa wanakuita au wanakuletea orodha tu?