WATUNZI WA BARAZA 🎶

JUMATATU

Mwalimu Saida 16:20
Assalaam alaykum nyote. Jumaa wetu wa akodiani amethibitisha kuja. Ijumaa asubuhi anapanda basi Malindi, akishuka Mokowe anavuka na boti mpaka huku Lamu. Nataka majibu matatu leo hii: nani atampokea gatini, atalala kwa nani, na udi wa Fundi uko hali gani.

Mwalimu Saida 16:22
Jumamosi baada ya isha tunakaa kwangu, juu. Kila mtu aje na wimbo mmoja. Ambao haujakwisha ndio ninaoutaka zaidi.

Mwalimu Saida 18:41
Tiki zimekuwa za buluu. Mmesoma.

Fundi Shee 19:03
Waalaykum salaam. Udi upo ila ule uzi mnene wa peke yake umekatika. Nimezunguka Amu nzima sijaupata. Nimeagiza Mombasa.

Mwalimu Saida 19:04
Utafika lini?

Abuu Nai 19:10
Fundi piga bila huo uzi, hata Kassim huimba bila pumzi 😂

Fundi Shee 19:11
😂😂

Omari Boti 19:15
Jumaa hapandi boti huyo. Mara ya mwisho kule Malindi alishika mlingoti wa dau lililofungwa nanga.

Abuu Nai 19:16
Tumpandishe punda avuke naye

Omari Boti 19:16
Punda wa Wiyoni ana bayati nzuri kuliko sisi sote, watafanya mazoezi njiani

Mwalimu Saida 19:30
Nimeuliza mambo matatu. Nimejibiwa punda.

JUMANNE

Rukia 13:12
Samahani wakubwa zangu. Mimi nina wimbo haujakwisha. Naona haya kidogo lakini natuma.

Rukia 13:13
🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Rukia 13:15
Maneno haya:
Kisima changu cha shamba, kina maji ya baridi
Ndoo nimefunga kamba, nashusha nayo hairudi
Ubeti unataka mstari wa tatu, sijaupata. Na hapo mstari wa pili kila nikiimba najikwaa, sijui kwa nini.

Mwalimu Saida 13:20
Maa shaa Allah Rukia. Nyinyi wengine oneni mfano.

Abuu Nai 14:02
Unajikwaa kwa sababu mizani imezidi moja. Hesabu na vidole: na-shu-sha-na-yo-ha-i-ru-di. Tisa. Kipande kinataka nane. Koo lako limelijua kosa kabla ya wewe.

Abuu Nai 14:03
Sema "naishusha hairudi". Nane kamili, na maana haijapotea.

Rukia 14:05
Subhanallah. Imekaa!!

Abuu Nai 14:19
Na mstari wa tatu chukua huu:
Moyo wenda ukiyumba, na kiu imenizidi

Rukia 14:20
Ami Abuu nimelia mimi 😭 ndio niliokuwa nautafuta wiki nzima

Fundi Shee 14:33
Mstari mzuri. Utie maqamu ya hijazi, ngazi ile ya sauti. Hiyo kiu inataka hijazi.

Abuu Nai 14:35
Bayati. Sauti yake ni ya bayati, msikilize anavyoanza. Na mtoto aseme mapema ataimba juu au chini. Wewe Fundi ni wa kukaza na kulegeza nyuzi, mimi nai ni filimbi, haikazwi. Akipandisha sauti inabidi nitoe nai nyingine, fupi.

Fundi Shee 14:36
Hijazi

Omari Boti 14:40
Muulizeni punda

Abuu Nai 14:52
Rukia, jambo moja. Huo mstari wa tatu ni wangu. Nimekupa kwa moyo mkunjufu. Ila siku ukiuimba mbele za watu unitaje. Usije ukanifanya kama nilivyofanywa kwenye harusi ile ya Shela.

Abuu Nai 14:52
Mwenyewe yumo humu, anasoma.

Mwalimu Saida 15:01
Abuu, tafadhali. Tuzungumze ya Ijumaa kwanza.

Abuu Nai 15:04
Ya Ijumaa ndiyo hayo hayo mwalimu. Tunaambiwa tuje na nyimbo zisizokwisha tupeane. Mimi nilitoa beti mbili, nikazisikia kwenye video imeenda mpaka Mombasa, imeandikwa jina la mtu mmoja. Mama yangu ndiye aliyenionyesha. Akaniuliza, hizi si zile ulizokuwa ukizinong'ona jikoni?

Fundi Shee 15:06
Wallahi hilo liliniuma hata mimi

Omari Boti 15:09
Lakini biriani ya harusi ile 😋

Abuu Nai 15:09
Omari usinichezee leo.

Omari Boti 15:12
Samahani kaka.

Rukia 15:30
Nitakutaja ami. Popote nitakapoimba.

Mwalimu Saida 21:15
Ngojeni niseme hili, refu, mnivumilie.
Mimi na Jumaa mpaka leo hatujakutana. Nilikuwa na maneno bila lahani, yeye ana lahani bila maneno. Nilimtumia beti mbili, akanirudishia akodiani usiku ule ule, jenereta ikinguruma nyuma yake. Nikamwambia ubeti wa pili ameukimbiza. Akaurudia polepole. Kisha akaniambia neno langu la mwisho lina konsonanti nyingi, mwimbaji atalimeza, nilibadilishe. Hakunipamba, na mimi sikumpamba. Alinisikiliza neno kwa neno, hapo ndipo nilipomwamini. Watu wa kukuambia "nzuri sana" wapo tele. Anayekuambia umezidisha mizani moja, na hapo hapo akakupa kipande cha kukutoshea, huyo humpati ovyo. Abuu amemfanyia Rukia hivyo mchana huu mbele yetu sote, kwa dakika chache.
Ndiyo maana nataka daftari. Jumamosi tuandike kila wimbo: maneno ya nani, lahani ya nani, nani alitia mstari gani. Na turekodi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi mara inapoandikwa au kurekodiwa, hata kama hujaisajili popote. Ikibaki kichwani hailindwi. Na haki hiyo inakaa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, mkitunga wawili inahesabiwa kutoka kifo cha wa mwisho. Kwa hiyo mstari mmoja wa Abuu ni urithi wa wajukuu zake. Siyo jambo la kunong'onezana jikoni.

Fundi Shee 21:40
Hapo umenena mwalimu.

Jumaa Malindi 22:02
Nimeisoma mara mbili. Lile neno lenye konsonanti bado sijaridhika nalo, tutalimaliza Jumamosi. Na mimi napanda boti, Omari ataona.

Jumaa Malindi 22:03
Ila sijaambiwa nalala wapi 😅

JUMATANO

Kassim 06:48
Nimeamka nimekuta haya. Sikuandika jina langu mimi kwenye ile video. Aliyeirusha ndiye aliyeandika.

Abuu Nai 06:55
Na kipaza sauti ulikishika wewe. Ungesema.

Kassim 06:57
Katikati ya harusi nisimame nitaje majina? Bwana harusi anangoja?

Abuu Nai 06:58
Baada ya harusi ulikuwa na siku ngapi?

Kassim 07:10
Na ile sauti niliyoziimbia hizo beti, nayo uliitunga wewe? Mimi niliikesha ile lahani. Hilo mbona halisemwi?

Fundi Shee 07:15
Lahani ilikuwa ya marehemu Bakari.

Kassim 07:16
Mwanzo wake tu.

Fundi Shee 07:16
Mwanzo ndio wimbo.

Mwalimu Saida 07:20
Jamani. Watoto wetu wamo humu.

Rukia 07:21
Mimi nipo shuleni, sioni 🙈

Mwalimu Saida 07:21
Rukia weka simu!

(…)

Ami Swaleh 11:34
Assalaam alaykum.
Nimewasomeni tangu yana. Macho yangu hayapendi simu lakini nimesoma yote.
Zein l'Abdin alituacha 2016, Sheikh Nabhany akamfuata mwaka wa pili yake, Mungu awarehemu. Mmoja mpiga udi, mmoja mshairi, wote watoto wa huku kwetu. Walizifukua pamoja tungo kongwe za karne ya 19 zilizokuwa zimeanza kusahauliwa, Zein akazitia kwenye udi. Nani humu anamsifu Zein kwa tungo zile akamwacha Nabhany?
Kassim. Uliimba vizuri, na mimi nilikuwepo. Beti zilikuwa za Abuu, ukajua ni za Abuu, ukanyamaza. Video aliirusha mwengine, kunyamaza ni kwako.
Abuu. Ulikuwa na haki ya kumwendea nyumbani. Umekuja kumsemea mbele ya watoto.
Kutoka mtaa wa Gadeni hata Langoni kwa Abuu ndia ni fupi. Yeo baada ya magharibi Kassim aende. Si kwa simu.
Na hilo daftari la mwalimu, jina la Bakari litangulie.

(…)

Mwalimu Saida 14:20
Tumekusikia ami. Allah akuweke.

Fundi Shee 14:26
Allah akuweke ami.

Omari Boti 14:50
Ameen.

Kassim 16:03
Nimesikia ami.

ALHAMISI

Mwalimu Saida 08:10
Subhalkheri. Sitauliza ya Langoni, hayo ni ya wenyewe. Naomba tumalize ya Jumaa, kesho ndiyo kesho. Omari, boti?

Omari Boti 08:44
Nampokea mimi Mokowe, bila nauli. Aje na koti, upepo umeanza kukaza.

Mwalimu Saida 08:45
Alhamdulillah. Moja limekwisha. Fundi, uzi?

Fundi Shee 09:30
Mtu wangu amempa dereva wa basi la leo. Ukifika usiku nauvalisha, lakini uzi mpya hulegea kila baada ya wimbo siku ya kwanza. Nitakaza njia nzima. Mvumilie.

Rukia 13:40
Nimeandika ubeti wa pili!! Nautuma hapa au niuweke mpaka Jumamosi?

Abuu Nai 13:52
Uweke. Na uuimbe hivyo hivyo ulivyo, tusikurekebishe kabla hatujakusikia.

Fundi Shee 13:53
Kwa hijazi

Abuu Nai 13:53
Kwa bayati

Bi Zuhura 15:17
Waalaykum salaam wote. Mimi simu ilikuwa kwa mjukuu. Mgeni alale kwangu, chumba cha uani ki tupu na mkate wa mofa nitapika mwenyewe. Lakini alipe kwa kupiga ile nyimbo yake ya pili, ya kwanza siipendi.

Jumaa Malindi 15:20
Bi Zuhura kwa mkate wa mofa nitapiga zote 🙏

Ally Mkomani 15:48
Mgeni nilishamwandalia mimi toka Jumatatu. Sikuandika tu.

Bi Zuhura 15:50
Hukuandika ndiyo hukuandaa.

Ally Mkomani 15:51
Bi Zuhura godoro lipo limelala hapa 😂

Mwalimu Saida 16:02
Wawili wenu mzungumze, mniambie kabla ya isha. Na daftari nimelinunua. Ukurasa wa kwanza nimeandika Bakari. Nahitaji mtu anayezijua lahani zake zote anisomee, moja moja, na zile alizozianza hakuzimaliza. Fundi unazijua ngapi?

Fundi Shee 16:30
Nyingi. Siyo zote. Nyengine zilibaki kwa Kassim.

Mwalimu Saida 16:31
Kassim, utakuja Jumamosi?

Mwalimu Saida 19:55
Kassim?

Abuu Nai 20:10
Alikuja jana, tulikaa mpaka usiku. Mengine hatujayamaliza. Lile la video bado. Lakini aliniimbia lahani moja ya Bakari ambayo mimi sikuwahi kuisikia.

Abuu Nai 20:11
Mwachieni nafasi kwenye daftari. Kurasa mbili hivi.