Nataka samaki koi mgongoni kabla ya kwenda kusoma Japani, naombeni ushauri

Mgeni_wa_Aprili: Wakuu, salaam. Mwezi wa nne naenda kusoma Beppu, Japani. Kabla sijaondoka nataka tatuu ya Kijapani mgongo mzima: koi, mawimbi, maua ya mcheri na majani mekundu ya momiji. Fundi wangu hapa Dar ameshanionyesha mchoro, anadai kianzio wiki hii. Jamaa yangu ananitisha kwamba nikitua kule nitaonekana Yakuza, yaani jambazi wa magenge yao. Kuna ukweli? Na hii michoro ina maana, au ni urembo tu?

Kipanga: Mama anajua?

Mchora_Ramani: Mkuu, kianzio usitoe kwanza. Mcheri unachanua Machi na Aprili, momiji inakuwa nyekundu Novemba. Fundi wako amekuwekea miezi inayopishana kwenye mgongo mmoja, na mafundi wa jadi kule hawapendi mchanganyo huo. Koi kwa kawaida anakwenda na momiji inayoelea juu ya maji. Simba anakwenda na ua la botan. Mcheri ni maisha mafupi, maana ua lake linapukutika likiwa bado zuri. Kisa cha koi chenyewe kimetoka China: anayefaulu kupanda maporomoko ya Lango la Joka kwenye Mto Manjano anageuka joka. Kwa hiyo unajichora ubishi na ustahimilivu. Hakikisha ameyachora maji yakiwa na nguvu, si samaki amekaa tu kama yuko sahanini.

Bi_Zai: Hilo la Yakuza watu wanalishika nusu. Kuanzia 1720 serikali ya Edo (ndiyo Tokyo ya zamani) iliwachora wahalifu alama kama adhabu, mara nyingi mistari mkononi. Hapo hakuna joka wala ua. Michoro mikubwa ilishika kasi baada ya mchoraji Utagawa Kuniyoshi kuanza, mwaka 1827, kutoa picha za mashujaa wa Suikoden, kisa cha Kichina cha waasi, miili yao imejaa tatuu. Vibarua wa Edo wakaiga, na zaidi yao wazima moto. Joka ni mnyama wa maji. Unambeba mgongoni ukiingia kwenye moto. Binafsi hao ndio ninaowakumbuka nikiona joka, siyo majambazi.

Mwaka 1872 serikali mpya ya mfalme Meiji ikapiga marufuku tatuu, nchi isionekane ya kishenzi mbele ya Wazungu. Cha kuchekesha, Wazungu wenyewe walikuwa wanapanga foleni: George, aliyekuja kuwa mfalme George V wa Uingereza, alichorwa joka mkononi huko huko mwaka 1881! Marufuku iliondolewa 1948. Miaka 76 ya kufanya kazi kwa kujificha, halafu Yakuza na sinema zao juu yake, sifa mbaya itaachaje kuganda?

Niko_Kyushu: Historia sawa, ila mlangoni mwa bafu hakuna atakayekuuliza habari za Kuniyoshi. Kwenye onsen, yaani bafu za maji moto ya asili, mnaoga uchi, na sehemu nyingi zina tangazo la kukataa tatuu. Stika za rangi ya ngozi zinaficha kitu kidogo, siyo mgongo. Hata Kombe la Dunia la raga la 2019, lililofanyika huko, wachezaji waliombwa wafunike wakienda kwenye mabwawa na jimu. Bahati yako ni Beppu, baadhi ya bafu za mtaani hawana shida. Shuleni na kwenye kibarua shati linatosha, ilimradi tatuu isipande shingoni wala isishuke mpaka vifundo vya mikono.

Kipanga: Sasa si akachorwe huko huko? Kuna tebori, fundi anasukuma kwa mkono sindano zilizofungwa kwenye ncha ya fimbo. Na tangu 2020 Mahakama ya Juu yao imeshasema kuchora tatuu si kazi ya kidaktari. Kabla ya hapo fundi wa Osaka alishtakiwa kwa kutokuwa na leseni ya udaktari.

Niko_Kyushu: Kwa bajeti ya mwanafunzi? Mgongo mzima ni vikao vingi, mwingine unachukua miaka.

Mgeni_wa_Aprili: Asanteni. Kianzio sijatoa. Nimemwambia fundi aondoe mcheri, amenuna, anasema wateja ndiyo wanaupenda. Mchora_Ramani, koi awe mwekundu au mweusi?

Mchora_Ramani: Mweusi, mistari minene. Kwenye ngozi zetu nyeusi, rangi nyekundu haijitokezi kama nyeusi, iweke kwenye majani tu. Na kama kovu huwa linakuvimba, muone daktari wa ngozi kabla ya sindano ya kwanza.