Nimeuziwa koti la mahameli lenye vipini vya mikoba, naambiwa ni deraya ya karne ya 15

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Niliagiza brigandini kwa fundi mmoja huku Ulaya anayejinadi kwamba kazi zake zinafuata historia asilimia mia. Kwa msiolijua, ni deraya, yaani vazi la kujikinga vitani, iliyovuma sana karne ya 15. Nje unaona kitambaa tu, mara nyingi mahameli, na safu za vichwa vya ribiti (vijisumari vya kuunganishia) vinavyong'aa. Chini yake kuna mamia ya vibamba vya chuma vinavyopandana kama magamba ya samaki. Ribiti si urembo. Inatoboa mahameli, inatoboa kitani kizito, inapita kwenye kibamba, kisha mkia wake unagongwa kwa nyundo mpaka ulale. Ing'oe uone kama chuma hakidondoki.

Mzigo umefika, mwepesi kama jaketi la mvua. Ndani ameshonea bitana nzima, na hapo ndipo nilipoanza kushtuka, kwa sababu nyingi za kale zilizobaki ukizigeuza unakutana na vibamba waziwazi. Nikachukua wembe nikafumua kwapani.

HAMNA KITU! Vibamba sita vya alumini kifuani, vimebandikwa kwa gundi. Kwingine kote sponji. Zile "ribiti" ni vile vipini vya miguu miwili vinavyokunjwa, vya kwenye mikoba ya kina dada. Mahameli nikachomoa uzi nikauwasha kiberiti, ukayeyuka ukawa kidonge cheusi. Poliesta hiyo.

Na kwenye ankara kuna malipo ya "kupaka vibamba bati dhidi ya kutu". Mafundi wa zamani kweli walivipaka bati vibamba vyao, maana chuma na jasho haviivi chungu kimoja. Alumini inapakwa bati ya nini, jamani?

Nimemwandikia. Jibu lake eti hata picha za makumbusho hazionyeshi vibamba! Utavionaje na vimefunikwa? Anayetaka kuona ndani aende Visby, kisiwani Gotland, Sweden. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar IV wa Denmark liliwachinja wakulima wa Gotland nje ya kuta za mji, na baadhi yao wakafukiwa kwenye makaburi ya pamoja na deraya zao mwilini. Makaburi yalipochimbuliwa karne ya 20, kilichofunika kilikuwa kimeoza, vibamba vimebaki vimelala juu ya mifupa. Zile ni za kizazi cha nyuma, vibamba vikubwa na vichache, lakini mtindo ndio huohuo: chuma ndani, kifuniko nje, ribiti inashika. Mwanaakiolojia wa Sweden, Bengt Thordeman, alizichambua moja moja na kuzichapisha mwaka 1939. Mtu anajiita fundi wa historia na hajawahi hata kufungua kurasa hizo?

Ugonjwa wenyewe naujua. Watu waliona vichwa vya ribiti kwenye michoro wakadhani vyenyewe ndivyo vinazuia upanga, magemu yakadakia, sasa kila mahali kuna "deraya ya ngozi yenye misumari". Mcheza gemu namsamehe. Aliyekula hela yangu, hapana.

Kurudisha pesa amekataa, anasema nimeharibu vazi kwa kulifumua. Nimefungua dai benki na picha zote nimeambatanisha.

Mnaotaka kuagiza, daini picha ya upande wa ndani kabla ya kulipa hata advansi. Akileta hadithi, kimbia.

Wale wa "ungenunua kiwanja" pitieni uzi mwingine. Ninachotafuta sasa ni mtu anayekata vibamba vya chuma kwa vipimo na anayeuza ribiti za shaba zenye vichwa vidogo. Kitani ninacho, nyundo ninayo, hili nitaligonga mwenyewe. Mwenye namba ya fundi wa kweli aje PM.